Walii wa Rabani

Furaha ya Afrizon haikudumu hata muda wa kumaliza kikombe cha kahawa. Watu wa ukoo wa Jambak walikuwa wameketi mikekani ndani ya nyumba kubwa ya Koto Sirih, wanaume wameegemea madirisha, wanawake upande wa vyumba, na jina lake lilikuwa limeshatajwa mara mbili. Yeye ndiye awe Datuak, mkuu mpya wa nyumba, arithi cheo kilichokaa miaka minne bila mwenyewe. Wengi waliitikia kwa vichwa. Afrizon alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mtu wa kusikiliza kabla ya kusema, na nusu ya vijana waliokuwamo humo ndani walijifunza kusoma kwake.

Ndipo Mjomba Darwis alipokohoa.

Alikuwa mzee wa miaka sabini na minne, mwenye sauti nzito ya mtu asiyezoea kukatizwa. "Mimi huyu simchukii," akasema. "Hata mashairi ya harusi ya mwanangu aliandika yeye. Lakini cheo hiki hupita kwenye damu ya mama. Hebu nileteeni ile karatasi ya nasaba."

Karatasi ikaletwa na kukunjuliwa katikati ya mkeka. Ilikuwa kubwa kama shuka, imechorwa kwa wino mweusi: mabibi juu, binti zao chini yao, na binti za hao binti, mistari ikishuka kama mizizi. Kwenye ukingo wa kulia palikuwa na jina moja lililoungwa na wenzake si kwa mstari bali kwa nukta nukta. Rabani. Chini yake maneno mawili: Alinunuliwa pwani.

"Rabani ndiye mama wa bibi yao," Darwis akasema, akiwaonyesha kwa kidevu Afrizon na dada yake. "Tumewapa mashamba, tumekula nao, tumezikana nao. Lakini uzao wa mjakazi hautoi Datuak. Silitukani jina la mtu. Nasoma kilichoandikwa."

Kisha kijana mmoja karibu na ngazi akacheka kwa puani, na kicheko kile ndicho kilichomkata maini Rosneli.

Rosneli, dada mkubwa wa Afrizon, alikuwa mkunga wa zahanati ya kijiji kwa miaka thelathini. Mikono yake ndiyo iliyompokea yule aliyecheka. Alimtazama mpaka kijana akainamisha uso, kisha akamgeukia mzee.

"Mjomba, maneno hayo aliyaandika nani?"

"Mjomba wangu, Datuak aliyekuwa na cheo hiki. Mwaka elfu moja mia tisa hamsini na moja."

"Wewe ulikuwapo akiandika?"

"Nilikuwapo."

"Ukiwa na miaka minane. Ulikuwa unamshikia wino au unamwaga?"

Wanawake wakaangua kicheko. Darwis hakucheka. "Neli, mdomo unao, tangu utotoni. Karatasi unayo? Kama unayo ilete. Kama huna, mwache mdogo wako aketi alipopangiwa na Mungu."

Mkutano ulikuwa mikononi mwa Datuak Sati, mkuu wa Jambak wote wa kijiji kile, mzee mwembamba asiyependa makelele. Akainua kiganja. "Basi. Darwis ameleta maandishi. Mwenye neno naye alete maandishi, si hasira. Tunarudi hapa mavuno yakiisha."

Afrizon aliteremka ngazi bila kuaga. Rosneli alimkuta ameketi juu ya pikipiki yake, ufunguo mkononi, haendi popote.

"Dada, tuliache," akasema. "Mimi nina shule yangu. Cheo si wali nikikosa nitalala njaa."

"Sisemi cheo. Wamemwandika bibi yetu kama mbuzi aliyenunuliwa mnadani, na wewe unataka tuliache?"

"Na kama ni kweli?"

"Kama ni kweli nitakuja kusema ni kweli, mbele yao, nikiwa nimesimama. Lakini kwanza nione."

* * *

Mama yao, Bi Jalinar, alikuwa na miaka sabini na tisa na hakuwa amekwenda kwenye mkutano kwa kisingizio cha magoti. Alikuwa anakuna nazi. Rosneli alipomsimulia, mkono wake haukusimama.

"Mama, ulijua?"

"Nilijua wanavyosema. Tangu nikiwa msichana wanasema."

"Na Bibi Rabani mwenyewe alisemaje? Si ulimwona kwa macho yako?"

"Nilikuwa na miaka kumi na moja alipokufa. Nilikuwa nalala naye kitanda kimoja." Bi Jalinar akageuza kifuu, akaendelea kukuna. "Siku moja nililia, watoto wa wenzangu walikuwa wameniita mjukuu wa mtumwa kisimani. Akanifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Akasema, 'Waache waseme hivyo. Kuna jina baya zaidi ya hilo, na hilo hawalijui.'"

Rosneli akaketi kwenye kigoda. "Jina gani?"

"Hakuniambia. Ndiyo maana nakwambia usichimbue, mwanangu. Utatoa kitu ambacho yeye mwenyewe alikifukia."

"Mama, mimi kazi yangu ni kutoa vilivyofichwa."

"Hao unaowatoa wewe hutoka wenyewe miezi tisa ikitimia," Bi Jalinar akasema. Lakini tabasamu lilimponyoka, na tabasamu likishamponyoka hakuwa na nguvu tena ya kukataa. Akasimamisha mkono. "Alikuwa akiota kwa sauti. Alikuwa akiita Air Bangis. Huko ndiko alikotoka na mama yangu mgongoni, mama akiwa na miaka mitano. Zaidi ya hapo sijui. Chukua chungwa la njiani."

* * *

Air Bangis ni bandari ndogo pwani, safari ya siku nzima kwa basi kutoka milimani. Rosneli aliomba likizo ya siku nne, akafika jioni akiwa amechoka, na asubuhi akaanza kuuliza msikitini. Akaelekezwa kwa Marjohan, fundi wa injini za boti, ambaye babu wa babu yake alikuwa kadhi wa mji huo.

Marjohan alimpokea mikono ikiwa na grisi mpaka viwikoni. "Watu wakija kuulizia vitabu vya kadhi, wanatafuta shamba la kugombania. Wewe dada unatafuta shamba gani?"

"Natafuta bibi."

"Huyo ni rahisi. Bibi hana mpaka." Akacheka, akanawa mikono kwa mafuta ya taa na kisha kwa sabuni, mara mbili, kabla ya kufungua kabati. Ndani yake, juu ya masanduku ya vipuri, palikuwa na vitabu vitatu vya ndoa, vizito, pembe zimeliwa na mchwa.

Vilikuwa vimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, lugha ikiwa ni ile ile ya nyumbani. Rosneli alizijua herufi kwa Kurani tu, lakini mtu aliyesoma mwandiko wa madaktari kwa miaka thelathini hatishwi na mwandiko wa kadhi. Aliketi barazani, akatamka kila jina kwa sauti ya chini kama mtoto wa madrasa: ra, ba, nun. Siku ya kwanza alisoma harusi mia mbili na hakumwona. Mke wa Marjohan alimletea samaki wa kuchoma na wali, akamwambia ajipumzishe macho. Siku ya pili, kabla ya adhuhuri, kidole chake kikasimama.

Aliita, "Marjohan! Njoo unisomee hapa, macho yangu nayashuku."

Marjohan akaja na bisibisi mkononi. Akasoma polepole:

"Mwaka 1311 wa Hijria. Malin Saidi, mwalimu, mtu wa milimani, ukoo wa Jambak, amemwoa Rabani, mtu wa Koto Sirih, ukoo wa Jambak. Walii ni baba yake mzazi, Haji Sulaiman wa Lubuak Aro, aliyesafiri siku sita kuja kuozesha kwa kauli yake mwenyewe."

Rosneli alishika ukingo wa benchi. Mambo mawili yalimwingia kwa pamoja, na hakujua alie kwa lipi na acheke kwa lipi.

La kwanza lilikuwa la furaha. Mjakazi wa kununuliwa angeozeshwa na bwana wake, au na kadhi kama hana mtu. Rabani alikuwa na baba. Baba mwenye jina, mwenye hija, mwenye kijiji, aliyekuja kwa miguu yake kuweka mkono wake ndani ya mkono wa mkwe.

La pili lilikuwa hilo Jambak na Jambak. Kwa dini ndoa ilikuwa safi kama maji ya mvua. Kwa mila, mwanamume na mwanamke wa ukoo mmoja ni kaka na dada hata kama hawajawahi kuonana, na wakioana hufukuzwa kijijini, majina yao yasitajwe tena. Hilo ndilo jina baya zaidi lililokuwa kifuani mwa mwanamke aliyemfuta mjukuu wake machozi.

Alipiga simu nyumbani akiwa bado amesimama barazani.

"Zon, ninazo habari mbili."

Afrizon alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akashusha pumzi. "Kwa hiyo nichague, dada. Mtoto wa mtumwa, au mtoto wa aibu."

"Chagua kilicho kweli."

"Unasema kirahisi. Si wewe utakayekaa mbele ya wanaume mia moja."

"Nitakaa nyuma yako tu hapo. Nikiona unainama nitakupiga ngumi ya mgongo."

Alipiga picha ukurasa ule mara kumi. Marjohan akakataa malipo yoyote, akasema tu, "Ukishinda huko, nitumie nyama ya rendang. Si ya dukani. Ya mkono wako."

* * *

Njiani kurudi, Rosneli aliwaza kama Darwis. Atasema nini? Atasema Haji Sulaiman wapo kumi. Atasema, nani ajuaye kuwa mke wa Haji huyo alikuwa binti wa nyumba yetu? Kwenye karatasi ya nasaba hakukuwa na baba hata mmoja, maana kwao nyumba ni ya mama, na baba ni mtu anayekuja jioni na kuondoka alfajiri. Ndiyo maana katika miaka mia na zaidi hakuna mtu aliyewahi kufikiria kuwauliza watu wa baba.

Lubuak Aro ilikuwa mwendo wa saa moja tu kwa pikipiki. Mwendo wa saa moja, na hakuna mtu wa nyumba yao aliyewahi kuupiga.

Alikuta msikiti mdogo wa mbao kando ya bwawa la samaki, na mwanamke mnene wa miaka kama sabini akiwafundisha wasichana kusoma. Aliitwa Sidar. Rosneli alingoja mpaka darasa likaisha, kisha akajitambulisha na kulitaja jina la Haji Sulaiman.

"Haji Sulaiman ni kaka wa mama wa bibi yangu," Sidar akasema. "Wewe umemjuaje?"

"Nadhani mimi ni kilembwe wake. Kupitia binti yake. Aliitwa Rabani."

Sidar aliweka chini fimbo yake ya kuonyeshea herufi. Alimtazama Rosneli paji la uso, pua, mdomo, bila haraka na bila haya, kama mtu anayekagua kitambaa sokoni.

"Koto Sirih," akasema.

"Koto Sirih."

"Nyinyi mna haya gani?" Sauti yake ikapanda ghafla. "Miaka yote hii! Mama yangu amekufa anasema tuna watoto wa kaka yetu Koto Sirih na hawatutaki. Kila maulidi tunaweka sahani yao. Kila maulidi inaliwa na paka!"

"Hatukujua, Shangazi," Rosneli akasema. Neno lilimtoka lenyewe, na lilipotoka Sidar akamvuta kifuani kwa nguvu mpaka mtandio ukamvuka.

Kitabu cha Haji Sulaiman kilitunzwa ndani ya mto wa pamba, kikiwa kimefungwa kwa kitambaa cheupe. Sidar alikisoma kwa ufasaha kama anayesoma barua iliyoandikwa jana. Kilikuwa na kila kitu: mvua, ndoto, dawa za tumbo, madeni ya swala alizokosa akiwa mgonjwa. Na humo, katika ukurasa wa watoto:

"Amezaliwa binti yangu Rabani, mwezi wa Maulidi mwaka 1287, kwa mke wangu Saleha, binti mkubwa wa nyumba ya Jambak ya Koto Sirih. Analia kwa sauti kubwa kuliko kaka zake."

Rosneli alicheka huku machozi yanamtoka. Sidar akafunua kurasa nyingi.

"Wajomba wa Rabani wamemfukuza kwa sababu amempenda mwanafunzi wangu Saidi, ambaye ni Jambak. Wameniambia nisimtaje. Mimi ni mgeni katika nyumba yao na sina sauti juu ya mashamba wala vyeo. Lakini mbele ya Mungu mimi ni baba, na ndoa haisimami bila mimi. Kesho nashuka pwani."

Sidar akaendelea mbele zaidi, miaka kumi na minne baadaye:

"Saidi amefariki kwa homa. Nimemrudisha binti yangu na mtoto wake. Nimechinja nyati, watu wa Koto Sirih wamekula, wakuu wanne wa koo wamesema kosa limeisha na Rabani amerudi nyumbani kwa mama yake. Sharti lao ni kwamba ndoa ile isizungumzwe. Nimekubali, kwa kuwa nimezeeka na nataka kumwona akilala kwao."

Sasa Rosneli aliona jinsi jambo lilivyokwenda. Rabani alinyamaza kwa sababu baba yake aliahidi. Watu waliona mwanamke aliyetoka pwani na mtoto asiye na baba wa kutajwa, na kimya kile kikajazwa na maneno ya visimani. Miaka miwili baada ya kuzikwa kwake, mtu akachukua wino akayageuza maneno ya visimani kuwa nasaba.

"Shangazi," akasema, "kitabu hiki kinaweza kusafiri?"

"Kinasafiri," Sidar akajibu. "Na mimi nasafiri nacho. Mimi ndiye mwenye kukisoma."

* * *

Usiku wa kuamkia mkutano hakuna aliyebishana isipokuwa Afrizon na nafsi yake. Alikuwa anatembea jikoni huku na huku. Kulikuwa na njia ya mkato, akasema. Wangeweza kusoma ukurasa wa kuzaliwa tu, wakaacha ule wa ndoa. Damu ingethibitika na aibu ingebaki palepale ilipolala.

Rosneli naye alikuwa amewaza hivyo. Alimwangalia mama yake.

Bi Jalinar alikuwa amekisikiliza kitabu chote, mara mbili, kwa sauti ya Sidar. "Bibi yangu alidhani lile ni jina baya," akasema, "kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumwambia vingine. Baba yake alitembea siku sita. Mtu akitembea siku sita kwa ajili yako, jambo lako si la kufichwa uvunguni. Someni yote. Na mimi nakwenda."

"Magoti yako, Mama?"

"Magoti yangu yalikuwa yanaumwa na Darwis. Leo yamepona."

* * *

Habari ilikuwa imetangulia, na siku hiyo hata waliokwenda kufanya kazi Padang na Pekanbaru walirudi. Nyumba kubwa ilijaa mpaka ngazini. Bi Jalinar aliingia ameshikwa mkono na Sidar, na watu wakanong'onezana, huyu mnene ni nani?

Datuak Sati akafungua. Afrizon akasimama, akasema kwa ufupi kwamba maandishi yamepatikana na atakayeyaeleza ni dada yake. Rosneli akasogea mbele. Aliweka chini picha ya kitabu cha kadhi, akaisoma yote, pamoja na pale pa Jambak na Jambak.

Mngurumo ukapita ndani ya nyumba. Darwis akapiga mkeka kwa kiganja.

"Mmesikia? Mmesikia wenyewe! Amekuja kututapikia aibu mbele ya watu! Afadhali ile ya utumwa!"

"Afadhali kwa nani, Mjomba?" Rosneli akauliza. "Maana sasa wewe mwenyewe umesema ni aibu yetu. Ni aibu ya nani? Mjakazi wa kununuliwa hana ukoo, akiolewa na Jambak hakuna kosa. Kosa linakuwapo kama bibi yangu naye alikuwa Jambak. Chagua moja. Zote mbili huzipati."

Datuak Sati alitikisa kichwa pole pole, na mdomo wake ukajikunja upande mmoja. "Amekubana, Darwis," akasema.

"Karatasi ya pwani! Nani anamjua huyo Haji Sulaiman?"

"Mimi," akasema Sidar, na akafungua kitambaa cheupe.

Alisoma kwa muda wa robo saa. Alisoma mtoto aliyelia kuliko kaka zake. Alisoma kufukuzwa, na pwani, na homa. Alipofika kwenye nyati, akasoma na majina ya wale wakuu wanne waliokula na kusamehe, mmoja mmoja, kwa vyeo vyao. Cheo cha nne kilikuwa Datuak Sati.

Mzee akaomba kitabu. Akakiweka karibu na macho, akalitazama jina la cheo chake mwenyewe kwa wino wa miaka mia moja na tisa. "Huyu alikuwa mjomba wa mjomba wangu," akasema. "Alikula nyama ile. Kwa hiyo na mimi nimekula. Kosa lililosamehewa na cheo changu siwezi kulifufua, na hakuna mwingine humu mwenye uwezo huo."

Darwis alifungua mdomo, lakini aliyesikika alikuwa dada yake. Jasma, mwenye miaka themanini, ndiye mwanamke mkuu wa nyumba na mtunza funguo wake, na katika mikutano yote hakuwahi kusema zaidi ya salamu.

"Nyamaza, Darwis," akasema. "Umeshasema vya kutosha tangu asubuhi." Akajivuta kwa magoti, kwa sababu kusimama kulimpa taabu, akavuka mkeka wote mbele ya watu mpaka alipokuwa Bi Jalinar. Akamshika uso kwa mikono miwili.

"Tulicheza pamoja," Jasma akasema. "Nilikuwa mkubwa, nilikuwa najua kusema. Kule kisimani, mimi ndiye niliyelitamka lile neno kwanza. Nililisikia kwa mama yangu. Nisamehe, mdogo wangu."

Bi Jalinar alimtazama usoni. "Ulinisukuma pia," akasema. "Ndoo yangu ikavunjika."

"Na ndoo."

"Basi ya ndoo nitafikiria," Bi Jalinar akasema, na vibibi viwili vikaanza kucheka na kulia kwa wakati mmoja, mpaka wanawake wote wa upande wa vyumba wakafuata.

Datuak Sati hakungoja watulie. Aliomba wino. Karatasi ya nasaba ikakunjuliwa, na Afrizon, ambaye alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wote, akapewa kalamu. Alizifuata zile nukta moja baada ya nyingine, akaziunganisha zikawa mstari, mnene na mweusi, kutoka kwa Saleha hadi kwa Rabani. Maneno yale mawili akayapiga mstari. Kisha akamtazama mkuu wa ukoo.

"Naomba niandike na jambo lisiloandikwa kwa desturi."

"Nini?"

"Jina la baba."

Palitokea mnong'ono. Datuak Sati alifikiri huku akiuchezea ukingo wa mkeka. "Moja," akasema hatimaye. "Hili moja tu. Lisiwe mchezo."

Afrizon akaandika pembeni, kwa herufi ndogo: Walii wake, Haji Sulaiman wa Lubuak Aro.

* * *

Sherehe ya kumvika cheo ilifanyika baada ya wiki sita. Nyati alichinjwa, moto uliwaka siku tatu chini ya masufuria, na chungu kimoja cha rendang, iliyopikwa na Rosneli mwenyewe mpaka ikawa nyeusi na kavu, kilikuwa kimeshapanda basi kwenda Air Bangis.

Saa nne asubuhi ngoma zilisikika kutoka barabara ya bondeni. Watu wa Lubuak Aro walikuwa wanakuja, shangazi na binti za shangazi, zaidi ya sitini, wamevaa nyekundu na dhahabu, kila mmoja na sinia kichwani: wali wa kunata, keki, vitambaa, kuku wa manjano. Hayo ndiyo ambayo watu wa baba huwaletea watoto wa kaka yao siku ya heshima, na hawa walikuwa wamezikosa siku nyingi, kwa hiyo walileta kana kwamba wanazilipia zote. Sidar alikuwa mbele, anatoka jasho, anapaza sauti, "Tupisheni! Tupisheni! Watoto wetu hawa!"

Bi Jalinar aliwapokea kwenye ngazi. Hakukubali kuketi mpaka sinia la mwisho likaingia.

Afrizon alivikwa kilemba, akachomekewa kisu cha kiunoni, akatajwa kwa cheo chake kwa mara ya kwanza mbele ya kijiji kizima. Rosneli alikuwa amesimama nyuma yake, kama alivyoahidi. Hakuona haja ya ngumi.

Darwis alichelewa. Wengi walidhani hatakuja. Alitokea chakula kikiwa kimeshaanza, amevaa koti lake jeusi la heshima, akasimama mlangoni, hajui aketi wapi. Kwa muda hakuna aliyesogea. Rosneli aliona mzee amekonda. Akasukuma watu kwa makalio, akafungua nafasi mkekani, mkabala na mdogo wake, akamwekea sahani.

"Keti, Mjomba. Nyama itapoa."

Aliketi. Alikula kimya, macho kwenye sahani, na vijana waliokuwa karibu walikuwa wanatafuna polepole ili wasikose neno. Alikula wali, akala nyama, akalamba vidole. Kisha akatafuta kitu kwa macho, na kile alichokitafuta kilikuwa upande wa pili, mbele ya mtu aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka ishirini na tano.

Mzee akakohoa.

"Datuak," akasema, kwa sauti iliyosikika mpaka jikoni, "nisogezee pilipili."

Afrizon akainua bakuli kwa mikono miwili, akampa.